Nyama ya Mjomba, Baga ya Ndengu

Mbumbuni,
3 Februari 2025

Kasiva mwiitu wakwa, binti yangu,

Hapa tumeamka wote, na kwa umri wetu hiyo ni habari njema. Auntie yako Kanyiva anakusalimu. Goti linamsumbua akipanda ile njia ya kanisani, lakini hakosi, maana anasema akikosa, kina mama wataanza wimbo juu sana na kuumaliza wakikohoa. Mahindi yalikauka kabla hayajabeba. Mbaazi zimejitahidi. Bucha iko wazi, wateja wapo, wengine wanakuja kununua na wengine kuniuliza bei na kuhema tu.

Usinikasirikie kwamba sipokei simu. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu mimi. Mumeo Mutie alipopiga nilisikia mngurumo kama wa posho mill, ikabidi Kanyiva aichukue na kunipigia kelele upya, na kwa hivyo soko zima limejua habari za nyumba yako. Na ujumbe wa simu siuoni, herufi ni ndogo. Tuandikiane. Nzomo anapeleka matunda Kitui kila Ijumaa na pikapu yake, yeye ndiye atakuwa posta yetu.

Sasa sikiliza. Nimesikia una mimba ya miezi minne na nimefurahi mpaka nikampa mteja nyongeza bila kuombwa. Lakini nimesikia pia kwamba kliniki wamekupima damu wakapata nane, na wao wanataka kumi na moja. Na tunajua wote yaliyopata mimba ya kwanza. Halafu mume wako anasema huli nyama! Wewe, ambaye tangu dada yangu Mwongeli, mama yako, atuache ukiwa mchanga umelelewa nyuma ya bucha yangu, ukitafuna mfupa kabla hujaota meno ya kutosha! Anasema unakula baga. Nikadhani ni ya nyama. Kanyiva akapiga kelele sikioni: ni ya ndengu!

Ndengu ni chakula kizuri, mimi mwenyewe nimepanda. Lakini mtu mwenye damu nane hatibiwi kwa ndengu. Pamoja na barua hii kuna nyama ya steki, niliyoichagua mwenyewe. Kula.

Mjomba wako,
Kyule


Kitui,
14 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Barua imefika na chungwa moja limepasukia juu yake, kwa hivyo nimeisoma ikinukia shamba. Mpe auntie pole ya goti. Mimi sijambo, kichefuchefu kimepungua. Mutie amepata kazi ya kufunga mabomba kwa shule moja hapa, anarudi na tope mpaka kwa kope. Kibanda changu kinaendelea. Wanafunzi wa chuo wanakuja mchana kula baga, na sasa hata walimu wao wanatuma watu.

Asante kwa nyama. Ni nzuri sana.

Kuhusu hilo jambo lingine, naomba unisikilize vile ulinifundisha kumsikiliza mteja. Baga zangu si ndengu za kuchemsha tu. Nasaga ndengu na soya na mbegu za terere, ule mchicha wetu, natia bitiruti kidogo ili ziwe na rangi, nakaanga kwa mafuta kidogo. Rafiki yangu mmoja wa chuo alizipeleka maabara, tukaweka matokeo kando ya yale ya nyama ya kusaga ya uzito uleule. Protini hazikupitana sana. Chuma, hicho ndicho kinachojenga damu, kwangu kilizidi kidogo. Yale mafuta mabaya yanayoganda kwa sufuria, nyama ilikuwa nayo mara nyingi zaidi. Kolesteroli kwangu hakuna hata chembe. Nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, nyama haina kabisa.

Kwa hivyo mjomba, sijinyimi. Nakula chuma kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Na dawa za kuongeza damu walizonipa kliniki nameza kila asubuhi, sijaruka hata siku moja. Damu itapanda tu.

Wako,
Kasiva


Mbumbuni,
27 Februari 2025

Kasiva,

Tuko salama. Kumenyesha mara moja, vumbi likalala, kisha likaamka. Mchungaji amehubiri juu ya ulafi na kila mtu kanisani akageuka kuniangalia mimi, kama kwamba nyama yote ya Mbumbuni inaingia kwa tumbo langu.

Nimesoma hesabu zako. Kanyiva amezisoma pia na akasema msichana amesoma. Mimi nasema maabara haijawahi kujifungua. Miaka yangu yote ya bucha nimeona mama aliyetoka kujifungua akiletewa supu ya mifupa, na akisimama baada ya hiyo supu. Sijaona aliyeletewa bitiruti.

Lakini sitaki tugombane, maana kugombana kwa barua kunachukua mwezi mzima. Nina neno. Tubadilishane sahani. Kila Ijumaa mimi nitakutumia nyama ya ng'ombe na wewe utakula. Nzomo akirudi, utampa baga zako na mimi nitakula. Tuone nani ataongeza damu na nani ataongeza mdomo. Ukikubali, hiyo ni ahadi kati yangu na wewe, na unajua sijawahi kukuvunjia ahadi.

Jibu la kliniki niandikie. Mara hii hukuniandikia namba.

Kyule


Kitui,
18 Machi 2025

Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa, Nzomo alikwama Ijumaa moja, daraja lilikuwa limejaa maji. Huku nako kumenyesha, na mtaro wa mbele ya kibanda changu umeamua kuwa mto. Mama yake Mutie, mama Nthenya, ametutembelea na kuosha kila kitu nilichokuwa nimeshaosha. Tumecheka sana, ni mtu mzuri.

Nimekubali mapatano yako, na kama umeona, baga nimeshakutumia mara mbili. Nyama yako nayo imefika kila mara. Ile ya Ijumaa iliyopita ndiyo imeshinda zote. Nyama ya ng'ombe laini kama ile sijaila siku nyingi. Nilipika na nyanya na dania, Mutie akapangusa sahani na chapati.

Kliniki nimeenda. Wamesema niendelee vivyo hivyo.

Uniambie ukweli juu ya baga.

Kasiva


Mbumbuni,
25 Machi 2025

Kasiva,

Salamu ziko palepale zilipokuwa, tuko wazima.

Baga zako ni tamu. Zimeiva vizuri, zimekolea, Kanyiva pia amezisifu. Tumemaliza zote.

Sasa nikuulize. Ile nyama ya Ijumaa ambayo hujaila kama hiyo siku nyingi, nilikutumia mbuzi. Nilikosa ng'ombe wa kunipendeza sokoni, nikachinja mbuzi, na nikasahau kuandika. Mtoto aliyekulia kwa bucha yangu hawezi kula mbuzi akasema ng'ombe. Hata ukiwa na mafua na umefungwa macho huwezi.

Ni nani anakula nyama yangu?

Na damu ni ngapi?

Kyule


Kitui,
9 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Wote hapa ni wazima, nianzie hapo ili usishtuke.

Nyama yako inaliwa na Sandra, jirani yangu, na watoto wake. Wanakuombea kila wakiketi mezani. Na kabla hujakasirika sana, Nzomo aliposimama hapa juzi kuchukua mkebe aliniambia niongeze pilipili kwa baga. Nikamuuliza amejuaje kwamba pilipili ni kidogo. Akaanza kuangalia magurudumu ya pikapu. Anasema unampa mkebe mzima akirudi, naye anakula na makuli wake wakipakua matunda. Kwa hivyo mjomba, hata wewe.

Damu ni nane bado. Haijapanda wala haijashuka. Nilifanya kazi yangu yote, nimekula, nimemeza dawa, na imekataa. Nilipotoka kliniki nililia njiani na mwenye boda boda akasimama akaniuliza kama nimefiwa.

Umeniuliza kwa nini siwezi nyama, na mimi nimekujibu kwa mambo ya maabara. Ni kweli yote niliyokuandikia. Lakini hata kama yangekuwa uongo, nisingekula. Krismasi ya mwaka juzi, mimba ya kwanza ikiwa ya miezi sita, nilikuwa jikoni nakaanga nyama. Mafuta yalikuwa yameanza kunukia vizuri, nikamwita Mutie aje aonje. Hapo ndipo damu ilianza. Alipofika alinipata chini na nyama inaungua. Tangu siku hiyo nikisikia harufu ya mafuta ya ng'ombe kwa moto, naacha kila kitu nilichoshika na kutoka nje. Sandra anapika yako mlango ukiwa umefungwa, kwa hisani yake.

Na ilikuwa nyama yako, mjomba, ile uliyotutumia ya sikukuu. Ndiyo sababu sikukuambia. Daktari alisema haikuhusika hata kidogo, na mimi najua haikuhusika. Lakini nakujua. Ungefunga bucha.

Sasa niko mwezi wa sita tena. Naogopa kila ninapoinuka kitini.

Kasiva


Mbumbuni,
30 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimechelewa. Nzomo alipita Ijumaa zote na sikuwa na barua ya kumpa.

Kwanza, pole. Pole sana. Ulikuwa umebeba hilo jambo peke yako zaidi ya mwaka, na mimi huku nakutumia steki na maneno makali juu yake. Nyama sitatuma tena. Mwambie huyo Sandra akihitaji aje mwenyewe, nitampa.

Ni kweli nilimpa Nzomo baga. Nilikuwa naona aibu, mwenye bucha anatafuna ndengu mbele ya wateja. Lakini baada ya barua yako nilisema, kama mtoto ameweza kuniambia lile, mimi siwezi kushindwa na baga. Sasa nakula kila siku, mbili mchana, moja jioni, na kwa zile za mwanzo alizokula, Nzomo amenilipa kwa kunipa hata zile ulizompa yeye. Si mbaya. Zimekolea kweli.

Halafu kuna neno ambalo tangu ukiwa mdogo mimi na Kanyiva tuliamua usiambiwe. Tulikuambia mama yako alikufa na homa. Hakukuwa na homa. Mwongeli alikuwa mweupe viganja miezi yote aliyokubeba, akipanda mlima anapumzika mara nyingi, na sisi tukasema ni uvivu wa mimba, atapona akijifungua. Ulizaliwa vizuri, ukalia kwa nguvu. Yeye alitoka damu, kidogo tu, wakunga walisema wanawake wengine hutoka zaidi ya hiyo na kuamka kupika. Lakini hakuwa na damu ya kupoteza. Alikushika, akauliza kama una vidole vyote, na kabla ya jua kuwa kali akawa ameenda.

Hatukukuambia kwa sababu ulikuwa msichana na siku moja ungezaa. Hatukutaka uingie chumba hicho na hofu. Sasa naona hofu ilikupata hata hivyo, na mimi nikawa mtu wa kupiga kelele tu juu ya nyama bila kusema nini kinanitisha. Nyama sina haja nayo, Kasiva. Kula ndengu, kula majani, kula unachoweza. Nina haja na wewe.

Mjomba wako

*Kasiva, ni mimi Kanyiva, naandika hapa chini yeye akifunga ng'ombe. Hajakuambia kwamba Jumatatu alianguka kwa bucha, akashikwa na wateja. Presha ilikuwa juu sana. Kumbe daktari alimwonya tangu mwaka jana apunguze nyama ya mafuta na chumvi na hakutuambia. Sasa anauliza presha imepandaje na ameacha nyama, anakula baga zako tu. Daktari Muigai anataka kujua ndani mnatia nini. Niandikie mimi kwa bahasha tofauti.*


Kitui,
12 Mei 2025

Mjomba, na wewe auntie, maana siandiki bahasha mbili. Katika jamaa hii kila mtu ana bahasha yake ya kuficha na mnaona tulipofika.

Nimesoma habari za mama nikiwa nimekaa kwa ngazi ya kibanda, wateja wakanisubiri. Sijakasirika. Nimeuliza moyo wangu kama umekasirika na umesema hapana. Nimefurahi kujua aliuliza vidole.

Sasa mwambie daktari Muigai hivi. Kuna mambo mawili ambayo sikukuandikia mwezi wa pili, kwa sababu nilitaka kushinda. La kwanza ni chumvi. Nyama haina chumvi ya maana mpaka mtu aitie. Ndengu zangu, ili mtu aziume na kudhani anauma nyama, nazitia viungo vya mchuzi vya pakiti, sosi ya soya, na chumvi tena juu. Zile za viwandani zinazouzwa supamaketi nazo, nimesoma nyuma ya pakiti, nyingi ziko vivyo hivyo. Mwanafunzi anayekula moja kwa wiki hana neno. Mzee wa presha anayekula tatu kwa siku, mjomba, karibu nikuue kwa mapenzi. Nisamehe. La pili ni vitamini inayoitwa B12, nayo ni ya damu pia. Iko kwa nyama, mayai na maziwa. Kwa ndengu haiko, na mimi huwa siiongezi.

Na kuna la tatu, hilo nilikuwa silijui. Kliniki kuna nesi mpya, Wanjiro, ametoka Murang'a, anaongea haraka na hapendi kudanganywa. Aliangalia kadi yangu, akaangalia viganja vyangu, akasema mtu anayemeza dawa miezi hii yote hawezi kubaki nane. Akafikiri nazitupa. Nikaapa. Akasema, haya, niambie, asubuhi unameza na nini?

Nikamwambia, na chai. Si kila mtu humeza dawa na chai?

Na baga?

Na chai. Nauza chai hapohapo kibandani, mchana kutwa niko na kikombe mkononi.

Mjomba, aliweka kalamu chini akacheka mpaka mama mwingine akachungulia mlangoni. "Wewe madam unakula chuma halafu unakifungia mlango!" ndivyo alivyosema. Chai inashika chuma tumboni, haikiachi kiingie kwa damu. Kile cha nyama kinaingia kirahisi, hata chai haikisumbui sana. Kile cha ndengu na soya kwa kawaida kinaingia kidogo tu, na ukikimwagia chai ya rangi nzito kama yetu, karibu chote kinatoka kama kilivyoingia. Maabara ilipima kilichokuwa ndani ya baga. Haikupima kilichokuwa kinafika kwangu.

Amesema kama ningeweza nyama ingekuwa njia fupi. Nikamweleza kwa nini siwezi, na hakunilazimisha, alinishika mkono tu. Kwa hivyo sasa dawa nameza na maji na chungwa, chai nakunywa saa mbili baada ya chakula au siinywi, mayai na maziwa nimerudisha, na baga nakula na kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu nyingi. Chungwa na ndimu vinasaidia chuma cha mimea kuingia. Atanipima tena. Amesema pia nisizae kwa kliniki ndogo, niende hospitali kubwa yenye damu ya akiba.

Nimeacha viungo vya pakiti. Sasa natia vitunguu saumu, bizari, na maji ya ukwaju. Wanafunzi wamelalamika siku chache kisha wakanyamaza.

Mwezi wa sita umepita. Nimeuvuka.

Kasiva


Mbumbuni,
2 Juni 2025

Kasiva,

Kumbe ni chai!

Nimekaa na barua yako nikacheka, halafu nikasikia uchungu, halafu nikacheka tena. Hapa nyumbani nani alikula bila kikombe? Kanyiva alikuwa anakupa chai kwa kifuniko cha chupa kabla hujajua kusimama. Sasa ameficha chupa ya chai chumbani na anatutolea kwa saa kama dawa. Ametangaza jambo hilo kwa kina mama wa kanisa, na wawili wamekasirika, wanasema anataka kuharibu ushirika.

Presha imeshuka. Namezea dawa maji, kabla hujauliza. Nyama nakula Jumapili, kipande kisicho na mafuta, na siku nyingine ndengu za kawaida za Kanyiva zisizojifanya kitu kingine. Wateja wameona. Mzee mmoja aliniuliza, kama wewe mwenyewe huli, sisi unatuuzia nini? Nikamwambia mimi nauza nyama, sijasema ni ya kila siku. Akafikiri, akanunua nusu ya ile aliyokuwa amezoea, na tukaagana vizuri.

Nzomo ana gunia la machungwa. Si zawadi, ni dawa, kwa hivyo usimgawie Sandra yote.

Sasa nitasema wazi maana tumekubaliana hakuna bahasha nyingine. Naogopa. Nafunga bucha jioni na kuwaza vile viganja vya dada yangu. Hizo namba zako zinanichanganya, nikiambiwa tisa nitalala macho wazi, nikiambiwa kumi nitalala nusu. Ukimaliza kujifungua, ukiwa umeketi na umekula, uandike mwenyewe kwa mkono wako. Asiniandikie Mutie. Nikiona mwandiko wa Mutie kwa bahasha nitaanguka kabla ya kuifungua.

Tunakuombea, na mimi naomba kwa sauti, maana kwa masikio haya sijisikii.

Kyule


Kitui,
24 Julai 2025

Mjomba na auntie,

Huu ni mwandiko wangu. Niko nyumbani, nimeketi, nimekula. Pumueni kwanza.

Alizaliwa Jumatano ya juma lililopita, msichana, mkubwa wa mashavu, na analia kama mtu aliyenyimwa haki yake. Nilipimwa nilipoingia hospitali: kumi nukta sita. Nesi Wanjiro alikuwa ameniandikia kwenye kadi kwa wino mwekundu wawe na damu tayari, na waliitoa wakaiweka karibu. Nilitoka damu, mjomba, sitakuficha. Mutie anasema niliuliza mara nyingi kama ni nyingi. Daktari alikuwa ameshika mkono wangu anasema ni ya kawaida, na kweli ikapungua, ikakata. Ule mfuko wa damu walinionyesha baadaye ukirudishwa bila kuguswa. Nikalia kuliko nilivyolia kwa uchungu wote.

Nilihesabu vidole. Viko vyote.

Viganja vyangu vimerudi rangi. Mama Nthenya yuko hapa ananipikia uji na ananikataza kuinama. Sandra alileta supu, nikaomba aiweke mbali kidogo, akaelewa. Labda siku moja nitaiweza, labda sitaiweza. Wanjiro amesema niendelee na dawa miezi mitatu zaidi na anipime tena.

Mtoto ameitwa Nthenya. Najua auntie amesoma hapo mara mbili, kwa sababu alitamani jina lingine, na mimi nililitamani pia. Lakini wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba, hiyo hata wewe mjomba ungenigombeza nikiivunja, na mama Nthenya amestahili. Jina la mama yangu ni la wa pili.

Mutie aliniuliza kwa upole kama nataka tuishie hapa, kwamba yeye akiwa na huyu mmoja na mimi ametosheka, baada ya yote tuliyopitia. Mwaka jana ningesema ndiyo kabla hajamaliza. Nimemwambia hapana, Mwongeli anangoja zamu yake, na mimi siogopi tena kumleta.

Kwa hivyo meza dawa zako za presha, mjomba. Ni wewe utakayempokea mlangoni.

Wenu,
Kasiva